Mfalme wa milima ni nani hasa? Kuutegua ubishi wa mashabiki wa baiskeli

Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika, na watazamaji wengi wa huku kwetu walioutazama mchezo huu kwa makini wakakumbana na kitendawili. Jumapili ya tarehe 21, kwenye mbio za mtu mmoja mmoja dhidi ya saa, Remco Evenepoel wa Ubelgiji alianza dakika mbili na nusu nyuma ya Tadej Pogačar wa Slovenia, akamfikia na kumpita, tena kwenye kilima cha mawe cha Kimihurura. Jumapili iliyofuata Pogačar huyohuyo alichomoka kwenye Mlima Kigali zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100, akaenda peke yake kilomita 66 za mwisho na kutwaa ubingwa wa dunia. Evenepoel alifika wa pili, karibu dakika moja na nusu nyuma. Jiji ni lilelile, watu ni walewale, na tofauti ni wiki moja.

Tangu hapo ubishi haujatulia. Kijiweni mmoja anasema mkali wa milima ni Pogačar, mjadala umefungwa. Wa pili anamtaja Jonas Vingegaard wa Denmark, ambaye Kigali hakuja. Wa tatu, mwenye mvi kidogo, anawaambia nyie hamkumwona Pantani, Mwitaliano wa miaka ya 1990. Halafu anatokea aliyetazama Tour de France mara moja kwenye televisheni na kuuliza: kwani si kuna jezi maalumu ya mfalme wa milima? Si mwangalie nani anaivaa, yaishe?

Hawa wanne wanabishana kuhusu mambo manne tofauti waliyoyapa jina moja. Ndiyo maana hawafiki.

Mbio kubwa za barabarani zipo za aina mbili. Kuna za siku moja, kama ile ya Kigali, ambapo anayefika wa kwanza ndiye bingwa. Na kuna za wiki tatu: Tour de France, Giro d'Italia na Vuelta ya Hispania. Hizi hukatwa katika hatua 21. Kila hatua ina mshindi wake, lakini muda wa kila mtu hujumlishwa siku hadi siku, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye mshindi wa mashindano. Tour humvika jezi ya njano.

Mlima nao hutajwa kwa mambo mawili, urefu wa barabara na ukali wa mwinuko. Ukiambiwa mwinuko ni asilimia 8, maana yake kila mita 100 za kwenda mbele zinakupandisha mita 8. Ndani ya gari hutashtuka. Juu ya baiskeli, wengi wetu tutashuka na kuanza kuikokota. Mlima Kigali, ule wa mashindano ya dunia, una kilomita 5.9 kwa wastani wa asilimia 6.9. Alpe d'Huez wa Ufaransa, maarufu kwa kona zake 21, una kilomita 13.8 kwa asilimia 8.1. Angliru wa Hispania una kilomita 12 na ushei, na mahali pengine unavuka asilimia 23. Mwaka 2002 mvua iliponyesha, baadhi ya magari ya timu yalikwama humo. Waandaaji wa Tour huipanga milima kwa madaraja, kuanzia la nne, ambalo ni vilima tu, hadi la kwanza. Juu ya hapo kuna milima ya kutisha ambayo Wafaransa huiita hors catégorie, iliyo nje ya madaraja.

Jezi ya madoa

Tuanze na yule wa jezi, maana swali lake ndilo rahisi. Jezi ipo kweli, nyeupe yenye madoa mekundu. Ilianza kuvaliwa mwaka 1975, ingawa shindano la milima ndani ya Tour lilikuwapo tangu 1933. Ila haitolewi kwa kasi, inatolewa kwa pointi. Anayevuka kwanza kilele cha mlima ulio nje ya madaraja huvuna pointi 20, cha daraja la kwanza pointi 10, na kilima cha daraja la nne pointi 1. Mwenye nyingi mwishoni ndiye mfalme wa milima.

Hapo pana mwanya. Mwendeshaji aliyekwisha kupoteza muda mwingi hamtishi tena mwenye jezi ya njano. Akichomoka asubuhi na wenzake wachache, timu kubwa zinamwachia aende zake. Anavuka milima mitatu ya mwanzo akiwa mbele, anaokota pointi, halafu kwenye mlima wa mwisho wakubwa wanampita kama vile amesimama. Jioni anapanda jukwaani kuvaa madoa. Mwaka 2023, wakati Vingegaard na Pogačar wakipigana vita ambayo hakuna mwingine aliyeisogelea, jezi ilikwenda kwa Giulio Ciccone wa Italia. Mwaka 2024, Pogačar alipokuwa akishinda anavyotaka, ilikwenda kwa Richard Carapaz wa Ecuador. Wote wawili ni waendeshaji wa daraja la juu kabisa, na Carapaz ana dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo. Lakini aliyefuatilia mbio zile hawezi kukuambia kwamba wao ndio waliopanda kwa kasi kuliko wengine. Richard Virenque wa Ufaransa aliitwaa mara saba, rekodi hiyo, na hakuwahi kushinda Tour.

Julai 2015 Daniel Teklehaimanot wa Eritrea aliivaa kwa siku kadhaa katika wiki ya kwanza, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Pointi zake alizipata kwenye vilima vya kaskazini, kabla msafara haujaigusa milima ya Pirenei. Lilikuwa jambo kubwa na sitaki kulipunguza hata kidogo. Kuthubutu kuchomoka mbele ya dunia nzima ni kazi. Lakini angalia jezi hiyo iliishia kwa nani mwaka huo: Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, ambaye shida yake ilikuwa jezi ya njano. Madoa yalimfuata mwenyewe kwa sababu alimaliza mbele kwenye vilele vikubwa. Vivyo hivyo kwa Vingegaard mwaka 2022 na Pogačar mwaka 2020, 2021 na 2025.

Kwa hiyo jezi inakuambia nani alikusanya. Wakati mwingine mkusanyaji ndiye pia mwenye kasi, na wakati mwingine hata hawakaribiani. Usiitumie kama ushahidi mezani.

Nguvu kugawanya kwa uzito

Aliyewahi kusafiri kwenda Iringa anaujua Mlima Kitonga. Fuso lililosheheni saruji linapanda kwa mwendo wa jongoo, na bodaboda yenye injini ndogo inalipita bila hata kupiga honi. Injini ya Fuso ina nguvu mara nyingi zaidi, lakini mlimani kinachoamua ni nguvu ikigawanywa kwa mzigo inaoubeba. Kwenye baiskeli nguvu hiyo hupimwa kwa wati, kupitia kifaa kidogo kwenye pedali au mkono wake, kisha hugawanywa kwa kilo za mwendeshaji. Ndiyo hiyo "wati kwa kilo" unayoisikia kila mtangazaji akiitaja.

Chukua mtu wa kilo 80 anayetoa wati 400. Ana wati 5 kwa kila kilo. Mwenzake wa kilo 60 anatoa 330 tu, lakini kwa kilo ana 5.5. Kwenye tambarare wa kwanza anamwacha wa pili, kwani huko adui ni upepo, na upepo haujali sana una kilo ngapi. Barabara ikiinuka, adui anakuwa uzito, na mdogo anaondoka zake.

Ukitaka kuona uzito unavyolipiwa, piga hesabu ya Plateau de Beille kule Pirenei: kilomita 15.8 kwa wastani wa asilimia 7.9, yaani unapandishwa karibu mita 1,250. Mtu wa kilo 60 pamoja na baiskeli, viatu na maji vya kilo 8 ni kilo 68. Kuuinua mzigo huo hadi kileleni kwa dakika 40 kunadai takriban wati 347 mfululizo, kabla hujalipia upepo na msuguano wa matairi. Sasa mwongezee kilo moja bila kumwongezea nguvu: atachelewa karibu nusu dakika. Mbio za wiki tatu zimewahi kuamuliwa kwa muda mfupi kuliko huo. Ndiyo sababu shirikisho la dunia, UCI, limeweka kikomo kwamba baiskeli isipungue kilo 6.8, bila hivyo mafundi wangeshaiparua hadi ivunjike.

Hesabu hii inafungua na kitendawili cha Kigali. Mbio dhidi ya saa za Jumapili ya kwanza zilikuwa za kilomita 40 na ushei, zenye vilima ndiyo, lakini pia sehemu ndefu ambazo mtu anapambana na upepo akiwa peke yake. Evenepoel ni mfupi, hujikunja juu ya baiskeli hadi upepo haumwoni, na alikuwa bingwa wa Olimpiki wa mbio za aina hiyo, Paris 2024. Dakika mbili na nusu hazikupatikana Kimihurura. Alizikusanya njia nzima. Kimihurura ni mahali hesabu ilipotimia mbele ya umati. Aliyesema siku ile kwamba Evenepoel ni mpandaji bora kuliko Pogačar alichanganya vitu viwili, na wiki haikuisha kabla hajajibiwa.

Kuna uzushi unaozaliwa na hesabu hiyohiyo, kwamba kadiri mtu anavyokonda ndivyo anavyopanda vizuri. Ni kweli hadi mahali fulani. Mwili ukinyimwa chakula unapoteza misuli, na nguvu inashuka haraka kuliko kilo. Kuna waendeshaji, wake kwa waume, walioharibu afya zao wakifukuza mzani. Na miili mikubwa imewahi kufanya maajabu. Miguel Indurain, jitu la Hispania la karibu kilo 80, alishinda Tour tano mfululizo, 1991 hadi 1995. Mwaka 2022 kwenye mlima wa Hautacam, aliyemwachisha Pogačar alikuwa Wout van Aert, Mbelgiji mzito anayejulikana kwa mbio za tambarare na za siku moja. Alikuwa mbele akimwekea kasi mwenzake wa timu, Vingegaard, akakaza mpaka Pogačar akakatika. Vingegaard akashinda hatua ile, na van Aert naye akafika wa tatu.

Mlima haufanani na mlima

Mimi hapa ndipo ninapoona ubishi mwingi unaharibika. Watu wanasema "milima" kama vile ni kitu kimoja.

Njia ya wanaume siku ya mwisho Kigali ilikuwa na jumla ya mita zipatazo 5,475 za kupanda, si mbali na urefu wa Kilimanjaro wa mita 5,895. Walianza zaidi ya 160, wakamaliza 30. Lakini jumla ile ilipatikana kwa vipande: kilima cha dakika mbili, mteremko, kilima cha mawe, mteremko, mara nyingi kupita kiasi. Anayefaa hapo ni mwenye mlipuko, anayeweza kukaza kwa dakika mbili hadi tano, akapumua, akakaza tena, saa ya sita kama saa ya kwanza. Ubelgiji wana kilima cha namna hiyo, Mur de Huy, kilomita 1.3 tu kwa karibu asilimia 10, ambacho Alejandro Valverde amekishinda mara tano na Julian Alaphilippe mara tatu. Wapeleke wawili hao kwenye milima mirefu ya Ufaransa kama Mont Ventoux au Galibier na picha inabadilika.

Kwenye milima mirefu kazi ni nyingine. Unakanyaga dakika 40 hadi saa nzima bila kupumzika, pengine ukiwa umeshavuka mingine miwili siku hiyohiyo. Na juu ya mita 2,000 hewa inakuwa nyepesi. Oksijeni inayofika kwenye misuli inapungua, kila mtu anadhoofika, lakini hawadhoofiki sawasawa. Kuna anayepoteza kidogo tu na kuna anayezimika kama taa. Ongeza joto la Julai, au mvua na baridi. Charly Gaul wa Luxembourg, bingwa wa Tour ya 1958, wenzake walimwogopa hasa siku hali ya hewa ilipochafuka. Giro ya 1956 aliishinda kwa kupanda Monte Bondone ndani ya theluji huku wengine wakijitoa kwa makumi. Kwenye joto kali alikuwa mtu mwingine.

Hata namna ya kupanda inatofautiana. Marco Pantani alisimama juu ya pedali, mikono imeshika sehemu ya chini ya usukani, akirusha shambulizi baada ya shambulizi. Froome alikaa kitini, kichwa kimeinama kama anasoma namba kwenye kioo chake, miguu ikizunguka kwa kasi ya cherehani. Hakuna aliyewahi kusema Froome anapendeza kumtazama, mimi nikiwemo. Lakini muulize Nairo Quintana, mtoto wa milima ya Colombia, kilichompata Mont Ventoux mwaka 2013 wakati Froome alipomwacha karibu na kilele.

Saa ya ukutani haitoshi

Sasa turudi kwa mzee wa Pantani. Hoja yake ni nzuri kuliko inavyosikika, na mbaya kuliko anavyodhani.

Pantani alishinda Giro na Tour mwaka mmoja, 1998. Nyakati zake za Alpe d'Huez za miaka ya 1990 bado zinakaa juu ya orodha. Lakini Juni 1999, akiwa anaiongoza Giro na zimebaki siku mbili, alitolewa baada ya kipimo kuonyesha kwamba chembe nyekundu zilikuwa asilimia 52 ya damu yake, wakati kikomo kilikuwa 50. Kilikuwa kizazi cha EPO, dawa inayouamuru mwili utengeneze chembe nyekundu zaidi ili damu ibebe oksijeni nyingi. Virenque wa jezi saba alikiri mwaka 2000. Bjarne Riis, mshindi wa Tour ya 1996, alikiri mwaka 2007. Lance Armstrong alinyang'anywa mataji yake saba ya Tour mwaka 2012. Pantani alifariki Februari 2004 akiwa na miaka 34, na Waitalia bado wanamlilia. Ukiweka nyakati za miaka ile mezani, unaweka na dawa zake.

Kisha ikaja Julai 2024. Pogačar alipanda Plateau de Beille kwa dakika 39 na sekunde kadhaa, akaupunguza muda wa Pantani wa 1998 kwa takriban dakika tatu na nusu. Na Vingegaard, aliyefika dakika moja na sekunde nane nyuma yake siku hiyo, naye aliuvunja muda wa Pantani. Mtu yeyote mwenye kumbukumbu anauliza swali linalostahili kuulizwa. Pogačar na Vingegaard wameulizwa hadharani mara nyingi, na hakuna kipimo kilichowahi kumnasa hata mmoja wao. Zipo pia sababu za wazi. Waendeshaji wa leo hula wanga kwa wingi wakiwa barabarani, zaidi ya gramu 100 kwa saa, kiasi ambacho matumbo ya zamani hayakuzoezwa kukistahimili. Matairi ni mapana na yanaviringika kwa urahisi zaidi. Kipimo cha wati kinamzuia mtu kujimaliza mapema. Na timu zinapanda kwa kasi tangu chini ya mlima, wakati zamani mara nyingi watu walitazamana mpaka mmoja achomoke. Hizi zinaeleza sehemu kubwa. Kama zinaeleza yote, kila msomaji atapima mwenyewe.

Saa ina udhaifu mwingine usio na uhusiano na dawa. Upepo wa nyuma kwenye mlima wa wazi unaweza kukupa dakika nzima. Ukipanda baada ya kilomita 60 wewe si yule anayepanda baada ya 190. Hautacam ni mfano mzuri: Julai 2025 Pogačar alimwacha Vingegaard huko kwa dakika mbili na sekunde kumi, onyesho la kutisha, na bado muda wa Riis wa 1996 ulibaki palepale. Je, Riis alikuwa mpandaji bora kuliko Pogačar? Hata Wadenmark hawasemi hivyo.

Pogačar na Vingegaard

Mjadala wa kweli wa miaka hii ni wa wawili hawa, na ukiutazama mwaka kwa mwaka unaelewa kwa nini kila upande una hakika.

Mwaka 2022, kwenye Col du Granon wenye kilele cha mita 2,413, siku ya joto, timu ya Vingegaard ilimshambulia Pogačar kwa zamu tangu mlima uliotangulia. Pogačar akakatika na kupoteza dakika 2 na sekunde 51. Mwaka 2023 ikawa mbaya zaidi. Njiani kwenda Courchevel, kwenye Col de la Loze unaofika mita 2,304, alisikika kwenye redio ya timu akisema amekwisha, amekufa. Vingegaard alishinda Tour ile kwa dakika 7 na sekunde 29. Ikaonekana somo limeeleweka: mlima mrefu, wa juu, wiki ya tatu, mwenyewe ni Mdenmark.

Halafu 2024 na 2025 Pogačar akageuza kila kitu. Plateau de Beille, Hautacam, mbio dhidi ya saa za kupanda Peyragudes. Tour mbili, ya pili kwa zaidi ya dakika nne.

Wafuasi wa kila upande wana kisingizio, na ajabu ni kwamba vyote viwili ni vya kweli. Aprili 2023 Pogačar alivunjika kifundo cha mkono, akaikosa miezi ya maandalizi. Aprili 2024 Vingegaard alianguka vibaya Hispania, akavunjika mbavu na mtulinga na pafu likaporomoka. Kuwa tu kwenye mstari wa kuanzia miezi mitatu baadaye ilikuwa habari. Mwaka 2025 wote walikuwa wazima na Pogačar alikuwa juu. Mwishoni mwa msimu huohuo Vingegaard alishinda Vuelta, ambayo Pogačar hakwenda.

Na hakuna kati yao anayepanda peke yake. Kwenye mwinuko mkali faida ya kukaa nyuma ya mwenzako inapungua, lakini kwa watu wanaopanda zaidi ya kilomita 20 kwa saa bado ipo. Muhimu zaidi, mwenzako ndiye anayeamua kasi, anayekuletea maji, anayewachosha wengine. Sepp Kuss wa Marekani amewafanyia kazi hiyo mabingwa kwa miaka, na mwaka 2023 alipoachiwa njia akashinda Vuelta mwenyewe, wakubwa wake wawili, Vingegaard na Roglič, wakiwa wa pili na wa tatu. Ni wangapi wengine walioko kazini kwa ajili ya wengine, ambao hatujawahi kuwaona wakipanda kwa ajili yao wenyewe?

Uzushi wa mwisho ninaousikia sana huku ni kwamba mpandaji lazima azaliwe milimani. Unaeleweka. Egan Bernal, bingwa wa Tour ya 2019, alikulia Zipaquirá, zaidi ya mita 2,600 juu ya bahari. Asmara iko zaidi ya mita 2,300 na Eritrea inatoa waendeshaji kila mwaka. Froome alijifunza baiskeli Kikuyu, nje ya Nairobi, chini ya David Kinjah. Kuishi juu kunaongeza chembe nyekundu, hilo halina ubishi. Lakini faida hiyo siku hizi hutafutwa kwa kambi za wiki kadhaa kwenye milima kama Teide au Sierra Nevada. Vingegaard anatoka nchi ambayo ardhi yake ya juu kabisa ina mita 171, na kabla ya kulipwa kwa baiskeli alifanya kazi kiwandani akifungasha samaki. Gaul naye alitoka nchi ndogo isiyo na mlima wa maana.

Kwa wanawake mjadala ni mchanga zaidi, kwa sababu Tour yao ilirudi mwaka 2022 tu, na labda ndiyo maana unavutia. Mwaka 2024 Demi Vollering wa Uholanzi alishinda hatua ya Alpe d'Huez na bado akaikosa jezi ya njano kwa sekunde 4, ikaenda kwa Kasia Niewiadoma wa Poland. Mwaka uliofuata Pauline Ferrand-Prévot wa Ufaransa, aliyetoka kwenye baiskeli za mlimani na dhahabu ya Paris, aliwaacha wote kwenye Col de la Madeleine.

Kwa hiyo mtu akiniuliza nani bora, namuuliza: mlima gani, umbali gani umeshakwenda, wiki ya ngapi? Vilima vya Kigali, saa ya sita: Pogačar, na sioni wa pili. Mlima mmoja wa dakika 40, miguu ikiwa bado mibichi: Pogačar wa 2024 au 2025. Mvua ya barafu: nirudishie Gaul. Juu ya mita 2,000 katika wiki ya tatu, nilikuwa namtaja Vingegaard bila kufikiri, mpaka Tour ya 2025 iliporudi Col de la Loze. Walipanda kwa upande mwingine wa mlima, kilomita 26. Ben O'Connor wa Australia alishinda hatua, na Pogačar akavuka wa pili, sekunde 9 mbele ya Vingegaard.

Sekunde tisa, baada ya kilomita 26 na wiki mbili na nusu za mbio. Hapo mimi bado nasubiri.